Chafya Aliyoizuia Gervas wa Kinole

Wekeni chini majembe, enyi wana wa Kinole! Inukeni matopeni, enyi wavuna mpunga wa Dakawa! Nanyi wa kiwanda cha Mzinga, zimeni mitambo hata nimalize, kwa maana nasimulia habari za Gervas, simba wa vichaka, bingwa wa pilipili manga, na vita alivyopigana na pua yake mwenyewe.

Mama mkwe wake, Mama Filomena, tangu usichana alikuwa akimsikia ndege mdogo wa msituni akipokezana wimbo na mwenzake, asimwone hata mara moja, kwa kuwa ndege yule hakai peupe. Na sasa ukungu ulikuwa ukiyafunika macho ya mama.

"Gervas, baba," alisema, "nisipomwona mwaka huu, nitabaki kumsikia tu hadi naingia kaburini."

"Mama," akanguruma shujaa, "kwa heshima ya ukoo wako ulionipa mke na shamba, utamwona!"

Wakapanda mlimani. Lakini ole wake! Asubuhi hiyo alikuwa amepepeta pilipili, na shati hakubadili. Wakaketi ukingoni mwa msitu, yeye kando kidogo, uso pembeni, kama adabu ya mkwe inavyotaka.

Kichaka kikatikisika. Papo hapo vumbi la pilipili likainuka kolani, likapanga majeshi, likaivamia pua tukufu kwa matundu yote mawili. Kupiga chafya mbele ya mkwe ni aibu. Kumfukuza ndege yule ni dhambi! Gervas akabana pumzi. Masikio yakawaka, machozi yakamtiririka. Akawaita watakatifu wote aliowajua, na walipokwisha akaanza tena na wa kwanza.

Ndege akachungulia. Akarudi ndani, mtundu yule! Kisha akatoka mzimamzima, akatua kijitini, akaimba.

"Nimemwona!" mama akanong'ona. "Jamani, kumbe kichwa chake chekundu hivyo! Unamwona, baba?"

Gervas akaitikia kwa kichwa. Hakuona kitu, macho yalijaa maji tele.

Mama akamgeukia, akamkuta amevimba kama chura. Akaelewa.

"Piga, baba," akasema. "Mimi nimeshashiba."

Lo, ikatoka! Mabonde yakaitika, mbuzi wakakata kamba, na Mama Filomena, na heshima zake zote, akacheka hadi akalala majanini.

Basi na ijulikane hadi Morogoro mjini, na vizazi viambiane: ndege yule alionekana Kinole, na mwanamume aliyemwonyesha mama mkwe wake, mwenyewe hajamwona mpaka leo.