Wengineo: Bure

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya kwanza kazini, mapokezi kwa shangazi. Nalala kwake pia. Yeye ni mshauri nasaha: watu humweleza yanayowakaba moyoni. Ana chumba kimoja ghorofa ya tatu, sehemu ya mapokezi yenye viti vinne, na wateja wawili. Wengine hupiga simu kuuliza bei. Shangazi hujibu: njoo tu, tutaelewana. Hawaji. Nani aje kulia saa nzima huku akiwaza ataambiwa kiasi gani mlangoni?

Shangazi kasema hadi Ijumaa tusipopata wateja wapya kumi, anarudisha ufunguo kwa mwenye jengo. Mimi nitapelekwa dukani kwa mjomba kupima misumari. Mjomba anafoka! Lazima nifanye jambo.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata! Ubao wa bei, nje ya mlango. Kila mtu ajue mapema. Nami sitalazimika kuitamka. (Jana nilimtajia mtu kwenye simu, kwa sauti ndogo mno. Akadhani imekatika.) Nimeandika kwa chaki, mwandiko wangu wa mtihani:

Mwenye kazi: elfu nane.
Asiye na kazi: elfu tatu.
Mwanafunzi: elfu mbili.
Wengineo: bure.
Harudishwi mtu.

Shangazi akauliza hao wengineo ni akina nani. Nikasema sijui, ila tusije tukamsahau mtu. Akacheka, akasema haya, mwanangu. Dada Meno, wa mapokezi kwa daktari wa meno mlango wa pili, akausoma kwa sauti na kuuliza kama tunagawa na soda. Wivu!

Jumatano, 6 Machi
Mafanikio! Saa saba mchana nimeinua kichwa, viti vyote vinne vimejaa. Sikusikia mlango. Wala hatua. Niliona haya kuwatazama, nikasogeza daftari tu. Kila mmoja akaandika jina, na kwenye kundi: Wengineo. Mwandiko mmoja, umelalia kushoto. Labda walisoma shule moja.

Shangazi alikaa na wa kwanza saa nzima. Akatoka amejikunyata, akauliza nani kafungua dirisha. Chumba hakina dirisha. Alisema mteja hakutamka neno, ila alilia vizuri sana.

Viti vimebaki na maji. Nimepangusa.

Alhamisi, 7 Machi
Tisa leo! Mwalimu, mteja wetu wa zamani, alichungulia, akamwona mzee wa kiti cha mwisho. Akasema mbona yule ni baba yake, waliyemzika mwaka juzi. Nikamnong'oneza kwamba habari za wateja hatutoi. Akakimbia, akaacha mkoba.

Baadaye Dada Meno akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia, wateja. Akatazama viti, akatoka kinyumenyume. Wivu tena.

Ijumaa, 8 Machi
Majina ishirini na moja! Nilimpelekea shangazi daftari mwenyewe, kifua mbele. Akashuka nalo kwa kidole, jina baada ya jina. Kidole kikasimama. Jina la mama yake. Bibi alifariki kabla sijazaliwa, kwa hiyo nikasema majina hufanana. Shangazi akasema taratibu: futa ubao, mwanangu. Futa sasa hivi.

Nimefuta. Saa kumi amerudisha ufunguo. Mjomba ananisubiri Jumatatu.

Jumamosi, 9 Machi
Nimewaza sana, kosa nimeliona. Uwazi haukutosha! Watu wamepanda ngazi zote zile, halafu wakute mlango umefungwa bila hata maelezo? Na tuliahidi harudishwi mtu.

Asubuhi nimeenda kimya kimya kubandika karatasi: Tumehamia nyumbani. Anwani kamili, saa za kazi, rangi ya geti. Wengineo bado bure, waje na jamaa zao. Wakijaa, shangazi atasahau habari za misumari.

Sasa ni saa saba mchana. Nimepanga viti vya mezani, sita, na stuli ya jikoni. Daftari jipya liko tayari.

Shangazi anauliza kutoka chumbani nani kafungua dirisha.

Yote yamefungwa. Wamewahi!