Kioo cha Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Zamu yangu! Macho ya baba mkwe yamechoka, haendeshi tena. Gari atampa mkwe atakayelitunza vizuri kwa wiki nzima. Tuko wawili tu: mimi na mwanyumba wangu, mume wa mdogo wa mke wangu. Yeye alilirudisha linang'aa hadi tairi. Kujipendekeza kule! Mke wangu, fundi cherehani, amechoka kubeba sare za shule begani. Kaniomba jambo moja: nisiharibu.

Jumanne, 4 Juni
Barabara mashimo matupu. Nikabuni mbinu: kulifuata lori la kokoto kwa karibu, likikwepa nami nikwepe. Mashimo yote nimeyakwepa! Kokoto moja sikuikwepa. Kioo cha mbele kina ufa, mdogo kama punje ya mchele. Fundi vioo kasema aujaze gundi leo hii, la sivyo utatambaa, na kioo nikiepushe na joto la ghafla. Nikamwona anatafuta kazi tu. Nimebandika stika juu yake: ENDESHA KWA UANGALIFU. Nani atajua?

Alhamisi, 6 Juni
Baridi kali asubuhi, kioo kimejaa ukungu, na mwanyumba huyo anakuja "kusalimia". Nikataka akute gari linameremeta. Nikatwaa birika la chai likichemka, nikamwaga maji yote kiooni. Tak! Ufa ukakimbia upande hadi upande, ukapita chini ya stika bila kuisoma. Mwanyumba akanipa pole huku meno yote yako nje. Nilikaa kizingitini, nimekata tamaa, nikatamani hata kikombe cha chai. Maji ya chai ndiyo yale yale.

Ijumaa, 7 Juni
Kioo kipya kimewekwa, na stika nimeihamishia humo. Fundi kaonya: gundi ikauke hadi kesho, gari lisitoke, dirisha moja liachwe wazi kidogo hewa ipate pa kutokea, milango isibamizwe. Nikaitikia yote. Jioni baba mkwe kapiga simu, nikamchukue kituoni. Ningesema nini? Mvua ikaanza, nikapandisha madirisha yote, mzee asilowe. Mzee akaingia, akabamiza mlango kama kawaida yake. Kioo kikachomoka, kikateleza taratibu hadi kwenye boneti. Tukalowa wote wawili, tumekodoa macho mbele. Akauliza kwa upole kama stika nayo ilikuwa sehemu ya utunzaji. Upole ule umeniua.

Jumatatu, 10 Juni
Kioo kimerudishwa mahali pake, funguo kapewa mwanyumba. Mke wangu hakunigombeza. Alibeba furushi lake la sare, akatangulia. Afadhali angenitukana! Nikamfuata, moyo mzito. Mwanyumba akapita, akasimama, akatupa lifti, kwa huruma au kwa kunikoga. Mke wangu akakaa nyuma, furushi mapajani. Mara, mbele yetu, lori la kokoto. Na mashimo tele. Nilijikaza nisiseme kitu. Nikashindwa. Nikamwambia mwanyumba asogee karibu, karibu zaidi, ataona faida yake.

Akasogea. Nikageuka nyuma nione kama mke wangu amesikia busara yangu. Alikuwa ameinua furushi, amejikinga uso. Wanawake wana mambo!