Sheria Pekee ya Mheshimiwa

Ofisi ya Mheshimiwa Mbunge ina furaha kuutaarifu umma kwamba, baada ya miaka tisa ya tafakuri, Mheshimiwa amedhamini muswada.

Taarifa hiyo niliiandika mimi, Msaidizi Mwandamizi wa Kumbukumbu na Taswira, na niliibandika mwenyewe kwenye mbao za matangazo, kwa sababu idara yangu ina mtu mmoja.

Wapo wenye midomo waliouliza kwa nini miaka tisa. Katika kumbukumbu rasmi za Bunge, Mheshimiwa alikuwa amezungumza mara mbili: mara ya kwanza aliomba dirisha lifungwe, na mara ya pili, kikao kilipokuwa kirefu, aliomba lifunguliwe. Katika kitabu cha utendaji wake niliyaweka yote mawili chini ya kichwa “Mageuzi ya Hali ya Hewa”.

Uchaguzi ulikuwa umebaki miezi minane. Fulana, vipaza sauti na magari ya kampeni viligharamiwa na mwenye kiwanda cha rangi, mtu mpole ambaye hakuwahi kuomba kitu. Siku moja tu alikuja kututembelea ofisini kwetu, karibu na Bunge, akaketi, akatazama kuta za majirani dirishani, akasema, “Nchi imechakaa, Mheshimiwa. Inasikitisha.”

Mheshimiwa alisikitika papo hapo. Wiki iliyofuata tukawa na Muswada wa Mwonekano wa Majengo: kila jengo ambalo mlango wake unatazama barabara lipakwe rangi mpya kila mwaka, la sivyo mwenyewe afikishwe mahakamani.

Mfadhili aliuleta ukiwa umeshachapwa, kurasa mbili. Mheshimiwa aliupima mkononi, akasema ni mwepesi, wenzake watamdharau. Akaniagiza niuongezee uzito. Nikatoa kabatini sheria ya wizi wa mali ya umma, nikachomoa vifungu vilivyonipendeza nikivisoma kwa sauti. Kimoja kilisema atakayetiwa hatiani hatagombea wadhifa wowote wa umma kwa miaka mitano. Kingine kilisema afisa atakayelifumbia macho kosa atashtakiwa yeye. Muswada ukafika kurasa thelathini na moja. Wabunge waliupitisha kabla ya chakula cha mchana.

Nakala ya kwanza nilimpelekea shangazi yangu. Shangazi ndiye aliyenilea, kwa cherehani, na kibanda chake cha ushonaji kinatazama barabara kuu.

“Hii ndiyo kazi yako?” aliniuliza, pini amezibana midomoni.

“Ndiyo, shangazi.”

“Na rangi naitoa wapi?”

“Huo ni mchango wa mwananchi katika mwonekano wa taifa.”

“Mwanangu, paa linavuja. Ukuta nimpakie nani?”

“Magari yanayopita.”

Alinishika paji la uso. “Una homa?”

Hata hivyo nakala aliipokea, maana karatasi yake ilikuwa ngumu, nzuri ya kukatia violezo vya kola. Wiki tatu baadaye afisa wa halmashauri akampa hati ya onyo: siku kumi na nne, kisha mahakamani. Jioni ile, akikata kola kwenye ukurasa wa kumi na tisa, shangazi akasoma alichokuwa anakikata. Akasoma na wa ishirini. Kesho yake alifunga kibanda, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua, akaenda nyuma ya soko.

Huko ndiko iliko ofisi ya jimbo, nyumba ya Mheshimiwa mwenyewe, hati ya umiliki kwa jina lake. Lipu ilikuwa imebanduka hadi matofali yanaonekana. Kufuli lilikuwa limeota kutu, na kuku wa mtu alikuwa anaatamia dirishani.

Akamleta yule afisa kumwonyesha, ukurasa wa ishirini mkononi.

“Mama, hili ni la Mheshimiwa.”

“Lina mlango?”

“Linao.”

“Unatazama wapi?”

Afisa aliuangalia ule mlango kwa muda, kama mtu anayesubiri ugeuke. “Barabarani,” alisema.

Hati ya onyo ilipelekwa kwenye anwani ya ofisi ya jimbo, kama sheria inavyotaka, ikasukumwa chini ya mlango. Ikakaa humo siku kumi na nne.

Mahakamani, Mheshimiwa alikuja na mawakili wawili na suti ya kijivu. Mimi nilikaa nyuma yao na kitabu cha utendaji, iwapo kingehitajika. Shangazi alikaa upande wa pili na hakunisalimia. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia.

“Sikupata onyo,” alisema Mheshimiwa.

Hakimu, mama mwenye miwani mizito, alifunua jalada. “Lilipelekwa ofisini kwako.”

“Sijafika pale.”

“Tangu lini?”

Wakili mmoja alimvuta koti, lakini Mheshimiwa alikuwa ameshaanza. “Tangu tuizindue.”

“Mliizindua lini?”

“Miaka tisa iliyopita.”

Karani alimwomba arudie, aandike vizuri. Akarudia. Kwenye mabenchi ya nyuma, wauza nyanya walianza kucheka chini chini.

“Na sheria hii,” hakimu aliendelea, “mdhamini wake ni nani?”

Katika miaka yote niliyomtumikia sikuwahi kumwona amesimama wima vile. “Ni mimi,” alisema. “Peke yangu.”

Akatiwa hatiani. Miaka mitano bila kugombea, na jengo alipake kwa mikono yake mwenyewe. Hicho cha mikono kilikuwa kifungu cha ishirini na sita, nacho nilikiongeza kwa ajili ya mizani ya sentensi.

Kufikia alasiri, magari ya kampeni yalikuwa yanapiga muziki kwa mgombea mwingine. Kesho yake Bunge liliifuta sheria nzima kwa dharura, kwa kuwa kila mbunge alikumbuka kwamba naye ana ofisi ya jimbo. Kibanda cha shangazi, ambacho kesi yake ilikuwa haijasikilizwa, kikapona. Lakini hukumu iliyokwisha kutolewa ilibaki palepale.

Jumatatu asubuhi Mheshimiwa alipanda ngazi na brashi, mimi nikamshikia ndoo. Kuku tulimhamisha kwa adabu. Habari zikazunguka sokoni kwamba mbunge yuko ofisini, na watu ambao hawakuwahi kuyaamini matangazo yangu wakaja kuhakikisha kwa macho. Hawakuondoka. Walijipanga ukutani, wengine na barua zilizokwisha kuwa za njano. Foleni ilipofika kona, shangazi alikuja na kigoda na daftari, akaketi chini kabisa ya ngazi, mahali pekee pa kushukia.

“Wewe andika,” aliniambia, akanipa kalamu. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu mahakamani, na niliiweka ndoo chini haraka.

Mzee wa kwanza akavua kofia, akainua uso. “Mheshimiwa, ni kuhusu lile daraja.”

Mheshimiwa alitazama kushoto, akatazama kulia. Rangi ilimdondokea kiatuni.

“Daraja lipi?” aliuliza.

“Mwandike,” alisema shangazi. “Ameuliza swali.”