Baiskeli ya Chali na Bomba Lisilotulia

Jumatatu, 9 Machi

Mungu ni mwema. Mgongo wangu siyo.

Leo Metroni kasema mgongo wangu unachelewesha vipimo, kisha katangaza mbele ya wauguzi wote. Jumamosi saa tatu asubuhi, mimi na shemeji yangu tutashindanishwa. Kila mmoja abebe kwa baiskeli sanduku la chupa za vipimo kutoka wodi ya mwisho, apande kilima cha jikoni, alifikishe maabara bila kumwaga tone. Mshindi ndiye tarishi wa hospitali. Atakayeshindwa atakaa kwenye kiti cha getini, kupandisha kamba, kuteremsha kamba. Miaka kumi na tisa nimekuwa tarishi hapa! Naijua kila wodi kwa harufu. Leo nishindane na Kipenga?

Kipenga ni mdogo wake mke wangu. Ndiye mlinzi wa geti kwa sasa. Jina limetokana na filimbi yake, ambayo huipuliza hata akimkaribisha mtu chai. Ana baiskeli ya kawaida na mgongo wa miaka thelathini.

Lakini hawajui nilicho nacho. Daktari alinikataza kuinamia usukani. Kulala hakunikataza! Basi mimi na fundi wa kuchomelea tumeunda baiskeli ya kulalia. Unakaa chali kitini kama bwana mkubwa, miguu mbele, pedali ziko kwenye ncha ya bomba. Bomba hilo jembamba limeingia ndani ya bomba nene, kama mguu kwenye soksi, ili ulivute au ulirudishe kufuata urefu wa miguu yako. Bano la chuma lenye bolti mbili linalishika lisiteleze.

Linateleza.

Jioni nilijaribu. Kwenye tambarare, raha tupu, nikaimba pambio. Kilimani nikakanyaga kwa nguvu. Bomba likarudi ndani. Nikakanyaga, likarudi. Nilifika juu magoti yakiwa masikioni na mnyororo umeanguka. Mgonjwa aliyekuwa akiota jua alidhani ni namna mpya ya kusafirisha mahututi. Akaniombea. Nikaitika amina, maombi hayatupwi.

Jumanne, 10 Machi

Nimegundua dawa. Siri.

Mchungaji alinigawia kichupa cha mafuta ya upako, nijipake mgongoni. Nikawaza, mgongo umezoea kuuma, lakini bomba ni jeraha bichi. Na mafuta hupakwa palipo na udhaifu. Alfajiri nikalegeza bano, nikamimina kidogo kwenye maungio, nikaomba kwa dakika kumi, nikakaza.

Leo liliteleza kwenye tambarare.

Sikukata tamaa. Imani bila bidii ni nusu kikombe. Mchana nikamimina kichupa chote, nikakaza bolti nikiwa nimechomeka spana ndani ya kipande cha bomba ili nipate nguvu zaidi. Bolti moja ikakatika. Ikaruka, ikagonga sufuria ya jikoni. Mpishi akatoka akiuliza nani anabisha hodi kwa risasi.

Kipenga aliyaona yote. Akapuliza filimbi, akaniuliza mbele za watu kama naumwa au ndiyo najipeleka mochari mwenyewe kuwapunguzia watu kazi. Akasema, shemeji, ukifika uwasalimie. Wauguzi wakacheka mpaka wakashikana.

Nilimsamehe papo hapo. Kisha nikaomba kuhusu mashindano. Naandika hapa kwa sababu wewe daftari hunisemi: sikumwombea pancha. Nilisema tu mapenzi ya Mungu yatimizwe kwenye gurudumu lake la nyuma.

Jumatano, 11 Machi

Nimeikokota baiskeli hadi kwa fundi. Kafungua bano, kachomoa bomba, kanusa. Akauliza kwa upole kama nyumbani kwangu tunakaangia samaki humo ndani.

Nikamwambia huenda ni jasho la chuma.

Fundi ni mtu wa maneno machache, ila leo aliyamaliza yote. Alisema bano linashika kwa msuguano. Mafuta ni adui wa msuguano. Hata mtoto anajua kuwa mkono wenye mafuta haufungui kifuniko cha chupa. Akaniuliza nani aliyefanya ujinga huu. Nikasema nitachunguza.

Akasafisha mabomba kwa petroli mpaka yakawa makavu kama maandazi ya juzi. Akayakwaruza kwa msasa. Akakata kipande cha kopo la soda, akakizungusha kwenye bomba jembamba ili nafasi iliyobaki ijae. Akaweka bolti mpya mbili, akazikaza kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo. Akanionya mambo mawili. Usikaze kupita kiasi. Na usitoboe bomba, chuma kikishatobolewa hakina toba.

Nikapanda kilima. Halikusogea hata unywele! Nikapanda tena. Tena! Mara ya nne nilipanda nikimpungia mkono mpishi.

Nimemwambia mke wangu kwamba ni sala zangu, fundi alikuwa chombo tu. Akaguna. Mke wangu anafanya kazi ya udobi hapa hapa hospitalini. Ana mikono ya kukamua shuka na mguno wa kukamua mtu.

Alhamisi, 12 Machi

Naona haya kuandika, lakini nisipokuambia wewe nitamwambia nani.

Niliamka na wazo. Tuseme kiti cha baiskeli ya Kipenga kingelegea kidogo. Kidogo tu! Asiumie, atikisike, chupa zigongane. Nikaficha spana ndani ya kitabu cha nyimbo, nikaenda getini wakati wa chai.

Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa ukutani. Nikainama.

Mgongo ukakamata. Nikabaki nimejikunja kama ndoano, siendi juu wala chini. Spana ikadondoka. Kipenga akaja mbio na kikombe mkononi. Akanikalisha kwenye kiti chake, akanikanda mgongo, akaninywesha chai yake. Akauliza spana ni ya nini. Nikasema nilikuwa napita tu, nikaona nimkagulie baiskeli, sisi ni ndugu.

Machozi yalimlengalenga. Akasema kweli shemeji una moyo, maana kiti kimekuwa kikilegea wiki nzima na hana spana.

Nilikikaza mimi mwenyewe. Kimekaa imara ajabu.

Nimetubu njiani. Lakini katikati ya toba nikashtuka. Ikiwa mimi, mzee wa maombi, nimewaza kulegeza bolti ya mwenzangu, Kipenga, ambaye kanisani hukaa karibu na mlango ili awahi kutoka, atawaza nini juu ya bolti zangu mbili? Ziko nje! Zinaonekana na kila mtu!

Bano halitoshi. Lazima nitoboe.

Ijumaa, 13 Machi

Nimemaliza. Hakuna mwanadamu atakayelisogeza bomba lile.

Drili niliazima kwa fundi. Nilimwambia nataka kutundika kioo. Si uongo, ni ukweli uliokunjwa: kioo tunacho, na siku moja kitatundikwa.

Uani, saa tisa alasiri, nikakutana na tatizo. Kitobo cha kupitisha bolti kwenye mabomba yote mawili kinatakiwa kitobolewe bomba likiwa kwenye urefu wa miguu ya mpandaji. Mpandaji akae kitini, anyooshe miguu, kisha pale pale mtu atoboe. Siwezi kukaa kitini na kushika drili kwa wakati mmoja. Ndipo hekima ikaniingia. Nikamwita mke wangu akae yeye.

Akakaa. Nikalegeza bano, nikalivuta bomba mpaka nyayo zake zikatulia vizuri kwenye pedali. Fundi alikuwa ameacha mnyororo mrefu na kigurudumu cha kuuvuta, kwa hiyo nao ukakubali. Nikakaza. Mke wangu akasema, lakini Baba Watoto, miguu hii ni ya kwangu. Nikamwambia atulie, chuma hakitaki maneno. Akasema tena. Nikamwambia mke mwema ni taji la mumewe, na taji halisemi. Alifunika uso kwa khanga, mabega yakawa yanamtikisika. Nadhani aliguswa.

Drili ilikuwa nzito, mgongo ukalalamika. Lakini nimekula ng'ombe mzima, mkia utanishinda? Nikapenya bomba nene, nikapenya jembamba, nikatokea upande wa pili. Nikachomeka bolti, nikafunga nati, kisha nikaponda ncha ya bolti kwa nyundo ili nati isifunguke tena milele. Kipenga, lete spana yako!

Mke wangu akazunguka nayo uani mara mbili kwa furaha. Sikuipanda, niliona niutunze mgongo kwa ajili ya kesho.

Jumamosi, 14 Machi

Saa tatu kamili. Metroni na saa yake. Wauguzi, wapishi, wagonjwa wenye nguvu za kusimama. Kipenga kapiga pasi mpaka kofia.

Kipenga alitangulia. Kiti chake hakikutikisika kabisa (kazi yangu!). Dakika sita. Lakini alipofika juu alishindwa kujizuia, akapuliza filimbi ya ushindi, mkono ukaacha usukani, sanduku likainama upande. Chupa mbili zikamwagika. Moyo wangu ukaruka kwa shangwe, nikauombea msamaha hewani.

Zamu yangu. Nikalala kitini, nikapokea sanduku, nikanyoosha mguu wa kulia.

Pedali haikuwepo.

Ilikuwepo, lakini mbali. Vidole vinne mbele ya soli ya kiatu changu! Nikajisogeza mbele kitini mpaka nikawa nimekalia shingo. Nikaigusa kwa ncha ya kidole gumba. Ikazunguka, ikanikimbia. Mke wangu amenizidi urefu kwa kichwa kizima, jambo ambalo nimelijua tangu siku ya harusi, na ambalo jana saa tisa alasiri halikunijia hata kidogo.

Kipenga akaniuliza kama nimefika mochari au bado nangoja kufunguliwa mlango.

Metroni akatazama saa. Akauliza iwapo kitu hiki kinaendeshwa na kiumbe chochote. Hapo mke wangu akatoka kwenye chumba cha udobi, mikono bado ina povu. Akaikausha kwenye aproni. Akaninyanyua kitini kwa kwapa kama kikapu, akakaa, akapokea sanduku.

Akaenda! Tambarare, kona, kilima! Bomba halikusogea! Nilikimbia pembeni nikipiga kelele kwamba kitobo kile nimetoboa mimi. Dakika nne na nusu. Hakuna tone.

Metroni hakufikiri sana. Tarishi mpya ni mke wangu. Kipenga anakwenda udobini kuziba nafasi yake. Na mimi, kiti cha getini, kuanzia Jumatatu.

Mke wangu alipopita karibu yangu alisema ananishukuru kwa kumpimia.

Jumapili, 15 Machi

Ibada nzuri. Mahubiri yalihusu unyenyekevu, nikawatazama wote waliohitaji kuyasikia.

Nimewaza siku nzima na nimelijua kosa. Lilikuwa moja tu: nilimpima mtu asiyefaa. Mwanamke ana huruma, hukaa vile utakavyo. Mpango ni mzuri, kilichobaki ni kuikata kwa msumeno ile bolti niliyoiponda na kutoboa kitobo cha pili cha kwangu, baiskeli itumike na wote wawili, na Metroni akiniona nimepanda atanirudishia kazi yangu kabla mwezi haujaisha. Fundi amegoma kuniazima drili, kwa hiyo nimeazima ya seremala. Nimemwambia ni ya kioo.

Lakini mtu hawezi kukaa kitini na kushika drili kwa wakati mmoja, hilo halijabadilika. Nimeongea na Kipenga. Kesho jioni akitoka udobini atakuja kukaa yeye, anyooshe miguu, mimi nitoboe. Amekubali mara moja, hata kabla sijamaliza kumweleza. Kijana ana moyo, nilikuwa namwonea bure.