Kiti Alichokisogeza Lenny

Theluji ilipofunika Pittsburgh, Lenny Truscott alifurahi kama mtoto wa sikukuu. Baridi ikija, watu huwasha hita. Hita zikiwaka, breka za cheche hukata umeme kila mara, na wenye nyumba hupandwa na hasira. Hapo ndipo anapoingia Lenny na ovaroli safi na maneno matamu.

Kazi yake ilikuwa nyepesi. Anang'oa breka hiyo ya bei mbaya, inayohisi waya ukirusha cheche na kukata umeme kabla moto haujashika. Mahali pake anapachika breka ya kawaida, isiyohisi lolote, kisha ile nzuri anaenda kuiuza. Asubuhi hiyo alishapita nyumba tatu. Ya nne ilikuwa ya Bi Bernadette Wojcik, mjane.

"Mama, breka hii ina wazimu," alimwambia. "Inaita mwizi hata paka akipita. Majirani zako nimeshawabadilishia. Bure kabisa."

Hita ikawaka bila kukatika, mama akashukuru, Lenny akatoka. Gari hakuliona.

Asubuhi, alipofika mtaani, alikuwa amekuta kiti cha jikoni barabarani, akakisogeza, akaegesha pale. Jamani, mtu achimbe theluji mpaka mgongo umuume, aweke kiti kulinda nafasi yake, halafu wewe unakisogeza? Mtaa ule husamehe mengi, hilo hausamehi. Majirani walikuwa wamelizika gari lake mpaka paa, kwa heshima zote za maziko.

Bi Bernadette alimrudisha ndani asigande, akamkalisha kwenye kochi, akampa pierogi za moto, zile sambusa za kuchemsha za Kipolandi. Akitafuna ya pili, Lenny alinusa harufu. Plastiki ilikuwa inaungua. Akainama: mguu wa kochi umeubana waya wa hita, na kwenye mpasuko cheche zinacheza. Aliruka akachomoa plagi.

Mama aliutazama waya, kisha akamtazama yeye.

"Kumbe ile ya wazimu ilikuwa inaniambia hili," alisema. Hofu ilimshika, kisha hasira. "Kochi hili analala mjukuu wangu. Breka zetu ziko wapi?"

"Yako iko mfukoni, mama. Nyingine ziko garini."

"Gari lipi?"

Akampa koleo. Lenny alichimba mchana kutwa, majirani wakimsimamia na vikombe vya kahawa, kisha akarudisha breka nyumba kwa nyumba, ya mama ikiwa ya kwanza. Alipoondoka, aliacha nafasi safi ajabu.

Bi Bernadette akatoka na kiti chake cha jikoni, akakiweka pale pale kilipokuwa asubuhi.