Karatasi Iliyomkana Mwenye Karatasi

Butembo, Jumatatu

Kwa Muuguzi Mkuu wa kituo chetu cha afya, ambaye pia ni baba yangu mdogo Zacharie

Mheshimiwa Baba mdogo,

Kwa heshima zote nakuletea malalamiko dhidi ya karatasi.

Kwanza. Mama yangu Godelive aliposhikwa na homa na maumivu ya kiuno, mimi, mwenye shahada ya chuo kikuu, licence ya falsafa, nilitamka mbele ya ukoo kwamba ni tifoide. Hapa kwetu homa yoyote ni tifoide mpaka ithibitike kuwa ni uchawi. Nilimletea vidonge. Siku nne akazidi kudhoofika, jambo ambalo halikuathiri hoja yangu.

Pili. Siku ya tano muuguzi wako Falonne alichovya katika mkojo wa mama kikaratasi kisichozidi ganda la haragi. Baada ya dakika kumi kikageuka zambarau. «Hapana tifoide, mama. Ni mikrobe mu mukojo,» akasema, bila hata kuniangalia.

Tatu. Karatasi yangu ya licence ilinichukua miaka mitano, na niliitetea mbele ya maprofesa watatu waliovaa toge, joho la wasomi. Hiyo yenu imetetea nini, mbele ya nani?

Nne. Jumapili ile mama akiwa bado mgonjwa, kanisa zima liliombea tifoide. Nani atamweleza Mchungaji Élisée kwamba tulimpelekea Mungu maombi yenye anwani isiyo sahihi?

Tano, na hili ndilo linaloniuma. Mama alipona kwa dawa ya Falonne, akarudi sokoni na samaki wake wa Kyavinyonge, akawatangazia wenzake: «Karatasi ya mutoto wangu iko ku ukuta miaka mbili, haiyasema hata neno moja. Ile ya Falonne, dakika kumi tu, inasema kweli!» Sasa soko zima linaniita Tifoide.

Leo wanachovya mkojo. Kesho watachovya hotuba, karatasi igeuke zambarau palipo na uongo. Hapo, Baba mdogo, ni msomi gani atabaki na kazi?

Naomba karatasi hiyo isimamishwe mpaka itetewe hadharani, mimi nikiwa mwenyekiti wa jury.

Pokea heshima zangu, ambazo hazihitaji kupimwa. Nisalimie Mama mdogo Sophie, batoto wote, na Falonne pia, ila yeye kwa ufupi.

Mwanao,
Josaphat Lusenge, mwenye licence

N.B. Tangu Jumamosi nina homa, na kukojoa kunaniunguza. Anayeleta barua hii amebeba pia kichupa, kimefungwa vizuri. Mwombe Falonne achovye. Karatasi ikigeuka zambarau, nitameza dawa atakayosema yeye. Isipogeuka, tafadhali Baba mdogo, andika tifoide.