Waliobaki kwenye Benchi la Kijani

Jumatatu, tarehe 3

Leo ni leo! Utafiti wangu wa muda wa kusubiri zahanatini umekamilika. Wagonjwa hamsini. Bosi wetu wa idara ya afya alishasema: wastani ukiwa chini ya dakika arobaini, makala inatoka Ijumaa na mimi ndiye mkuu wa kitengo. Nikapiga hesabu. Saa moja na nusu. Balaa! Kuchunguza, wachawi ni saba tu, waliosubiri kutwa nzima. Watu gani hawa, hawana makwao? Nikawafuta. Dakika thelathini na moja. Safi.

Jumanne, tarehe 4

Miwani, mtakwimu wa meza ya pili, anakimezea mate cheo changu. Kauliza wale saba wako wapi. Nikamjibu hawakutimiza vigezo. Vigezo vipi? Vile nilivyoviandika leo asubuhi. Mwenye wivu ajinyonge!

Mchana nikaenda zahanati kupiga picha ya makala. Mwisho wa korido, kwenye benchi la kijani, watu saba wamekaa wima, kila mmoja na kadi mkononi. Hawakohoi. Hawapepesi macho. Nikamuuliza muuguzi wa mapokezi mbona hawaitwi. Akatazama benchi, akanitazama mimi. Akasema yeye huita walio kwenye orodha, na pale haoni mtu. Kazi imemchosha, maskini. Picha imetoka nzuri: benchi tupu. Korido ile ina baridi; nimefunga vifungo vyote vya koti.

Jumatano, tarehe 5

Mhariri kaomba kadi kumi zaidi, za leo. Tisa hazina neno. Namba 58 kaingia saa mbili asubuhi, mpaka saa kumi jioni hajatoka. Majina tumeyafunika kwa karatasi, ndiyo maadili ya utafiti, na mimi ni mtu wa maadili. Nikaifuta.

Mara dada yangu akapiga simu. Mama alikwenda zahanati asubuhi, kifua kinambana, na hajarudi. Nikabandua karatasi ya 58.

Mama yangu!

Alhamisi, tarehe 6

Yuko kwenye benchi. Wa nane. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kugeuka. Nikamvuta mkono, wa baridi, na yeye mzito kama kabati. Akasema hajaitwa bado, mwanangu, na mvumilivu hula mbivu. Wale saba wakaitikia kwa pamoja: mbivu. Nilitimua mbio. Nimelia chooni, sioni haya kuandika.

Nikarudi kazini kuirudisha 58. Miwani anasema mashine hairudishi mmoja: ni wote wanane, au hakuna. Wote wanane maana yake saa moja na nusu, na cheo kwaheri. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Mama alinilea peke yake, kwa cherehani moja. Hakuna ninayempenda kama yeye.

Nimemwambia dada Mama yuko kwenye mikono salama. Kesho nitabonyeza.

Ijumaa, tarehe 7

Imetoka! Jina langu juu, herufi nene! Mimi ni mkuu wa kitengo! Bosi kaisoma, na papo hapo kaamuru chumba cha daktari wa pili kifungwe, maana wagonjwa hawasubiri. Miwani hakupiga makofi.

Nitawarudisha Jumatatu, kimyakimya. Masahihisho madogo, ukurasa wa mwisho. Mama atanielewa.

Jumatatu, tarehe 10

Kompyuta imenikataa. Jina langu halimo. Nimemsalimia mlinzi, kanipita kama hanioni. Miwani yuko kwenye kiti changu, anapiga mluzi, anafuta kitu.

Kifua kinanibana. Nimekwenda zahanati. Nina kadi mkononi, namba 61, wala sikumbuki nani kanipa. Mama kanisogezea nafasi, kanishika mkono. Muuguzi kapita mara tatu bila kutuona. Nimeogopa, nimelia tena, Mama kanifuta machozi kwa kanga yake.

Kisha nikahesabu. Watu tisa, siku nenda siku rudi, na hakuna hata mmoja anayelalamika! Makala ya pili hiyo! Nimeianza hapa hapa, nyuma ya kadi. Nimewauliza kama wanaridhika na huduma. Wale saba wametazama mbele, nami nimeandika ndiyo. Mama peke yake ndiye aliyetikisa kichwa kukataa.

Huyo nimemtoa. Kuridhika: asilimia mia.